Ndege ya saa tisa usiku: ni usiku upi, na nitoke Paje saa ngapi?

Swali: Assalaam alaykum kaka. Nakaa Hamburg, nimekuja Unguja na wanangu wawili, mmoja ana miaka 15 na mwengine 6. Tumefikia Paje, bibi yangu yuko Makunduchi. Baba yao alitangulia kurudi kazini. Tiketi yetu inasema Jumamosi 03:25, kupitia Doha. Bibi anasema tunaondoka "usiku wa Jumamosi". Dereva kaandika kwenye daftari lake "Jumamosi usiku, saa tatu". Mimi sasa sielewi tena. Nitoke hotelini lini? Halafu bibi keshaanza kunifungia: halua, achari, embe, pweza mkavu, samli, mbata, karafuu kilo kumi alizoletewa na mjomba kutoka Pemba, na kasha la zamani la marehemu mama yake. Watoto wana ndoo nzima ya makombe ya pwani, na yule mkubwa anataka kwenda kuzamia Mnemba siku ya mwisho. Nisaidie nisije nikaadhirika uwanjani. Mama Wawili.

Jibu: Waalaykumu salaam Mama Wawili. Nimekaa nyuma ya kaunta za ndege miaka mingi kabla sijahamia kwenye kuuza tiketi, na barua za wanaorudi Ulaya hunijia kila msimu. Wengi huniuliza kilo. Wewe umeanza na neno "usiku", na hapo ndipo penyewe. Karibu kila abiria niliyemwona amekosa ndege aliikosa siku mbili tatu nyuma, alipokuwa anapatana na dereva.

Anayesema sawa hapo ni bibi yako. Kwa hesabu ya wazee wetu siku inaanza jua likizama. Usiku wa Jumamosi ni ule unaotangulia mchana wa Jumamosi, kama vile usiku wa Ijumaa ulivyo Alkhamisi baada ya magharibi. Tiketi nayo inageuza tarehe saa sita za usiku, kwa hivyo 03:25 ya Jumamosi inaangukia ndani ya usiku ule ule wa bibi: watu wamelala Ijumaa, wanaamkia Jumamosi. Dereva wako ni kijana, anasema "Jumamosi usiku" kama wanavyosema vijana wote, akimaanisha jioni baada ya mchana wa Jumamosi. Tena kaiona 03 akaisoma saa tatu. Ukimwachia daftari lake, atakugongea mlango Jumamosi saa tatu za usiku, na ndege yako itakuwa imepaa saa kumi na saba na nusu zilizopita.

Usidhani nakutisha. Niliwahi kumpokea bwana mmoja kaunta, kavaa kanzu mpya ya kusafiria, nyuma yake toroli mbili na jamaa kama kumi waliokuja kumsindikiza, wanacheka. Akaniwekea pasipoti tatu juu ya kaunta, zimepangwa vizuri. Nikatafuta majina kwenye orodha ya abiria, hayamo. Nikaangalia tiketi. Ilikuwa ya usiku uliopita. Alinyamaza, kisha akageuza karatasi upande wa nyuma kama kwamba tarehe nyengine imeandikwa huko. Ubaya ni kwamba ukikosa kipande cha kwanza cha safari bila taarifa, mfumo wa shirika hufuta na vipande vinavyofuata. Kile cha kutoka kituo cha kati kwenda kwao nacho kilikuwa kimekufa. Alinunua tiketi upya.

Basi mwandikie dereva ujumbe huu, usiongeze wala kupunguza: "Unichukue siku ya IJUMAA, saa nne na nusu usiku, hapa hotelini Paje. Ndege inaruka usiku huo huo saa tisa na dakika 25, alfajiri ya kuamkia Jumamosi." Akijibu "sawa", hujamaliza. Mwambie akurudishie siku na saa kwa maneno yake.

Hiyo saa nne na nusu nimeipata kwa kuhesabu kinyumenyume, na mwanzo wa hesabu ni kufungwa kwa kaunta. Kwa safari za nje kaunta nyingi hufungwa dakika 60 kabla ya kuruka, yaani kwako saa nane na dakika 25. Hapo hata ukifika umeshika pasipoti mkononi na ndege unaiona kwa macho, mizigo haipokelewi. Hufunguliwa kiasi cha saa tatu kabla, na mwenye watoto afike zinapofunguliwa, saa sita na dakika 25. Kutoka Paje hadi uwanjani ni kilomita 50 hivi. Njia ni nzuri ila usiku ina ng'ombe, baskeli zisizo na taa, matuta ya Jozani yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, na pengine askari wa barabarani. Weka saa moja na nusu. Bado utabaki na dakika ishirini na kitu za gurudumu kutoboka, na gurudumu likiwa zima utazitumia kwenye foleni.

Mwambie vile vile akupeleke jengo la tatu la abiria, Terminal 3 kama wanavyoliita wenyewe. Safari za kimataifa sasa ziko huko, lile la pili ni la safari za ndani. Uwanja wenyewe ni ule ule wa Kisauni, Abeid Amani Karume.

Ijumaa ndiyo siku inayoharibu mambo. Hoteli nyingi zinataka chumba saa nne asubuhi, nawe unaondoka saa nne na nusu usiku, kwa hivyo una saa kumi na mbili na nusu huna pa kuweka mtoto wa miaka sita. Omba leo chumba hadi jioni, hata kwa kulipia nusu siku. Wakikataa, hamia kwa bibi Makunduchi na mizigo yote, dereva akufuate huko. Ila hapo atoke mapema zaidi kwa nusu saa. Nguo za kuogelea zikauke tangu Alkhamisi. Taulo moja bichi na viatu viwili vilivyojaa mchanga ni kilo mbili ulizobeba bure.

Kuhusu kuzamia, hapo sina mjadala na kijana wako. Mzamiaji hubakiwa na naitrojeni mwilini, na hewa ya ndani ya ndege ina msukumo mdogo kuliko ya chini, basi ile naitrojeni hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa, kwenye viungo na kwengineko. Mwongozo wa wazamiaji ni kungoja saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 ukizamia zaidi ya mara moja. Hesabu nyuma kutoka saa tisa na dakika 25: mwisho wake ni Ijumaa asubuhi saa tatu na nusu hivi, na hakuna boti inayorudi kutoka Mnemba saa hizo. Azamie Jumatano au Alkhamisi. Ijumaa aogelee juu juu tu kwa miwani.

Sasa uwanjani. Utakutana na mashine ya eksrei mara mbili. Ya kwanza iko pale pa kuingilia, kabla ya kaunta, na mizigo yote hupita. Hapo wasindikizaji wanabaki nje, kwa hivyo kama bibi anataka kuja, mwambie kilio kiishie Makunduchi. Kumleta mzee usiku wa manane akaagane na mlango wa kioo ni kumchosha. Mahamali watakuja kukushikia mizigo. Ukitaka msaada patana bei kwanza, hutaki sema "ahsante, najiweza" na ushike toroli mwenyewe.

Kaunta ndipo hasa unapotoka kisiwani, kuliko hata dirisha la uhamiaji. Shirika likimpeleka mtu nchi asiyoruhusiwa kuingia, hutozwa faini na kulazimika kumrudisha, ndiyo maana yule binti wa kaunta anaipekua pasipoti yako kama hakimu. Atataka kadi yako ya ukaazi ya Ujerumani. Itafute leo. Angalia tarehe ya mwisho wake, na uiweke kwenye mkoba wa begani, usiichanganye na nyaraka za ndani ya begi. Nimeona kadi imesafiri kwenye begi kubwa, na begi limeshapita kwenye ukanda, mwenyewe amebaki kaunta anajipapasa. Hata kama umejiandikisha mtandaoni na pasi ya kupandia iko kwenye simu, pita kaunta. Hati lazima zionekane kwa macho. Na usiondoke hapo hadi umesoma kila kipande cha karatasi kinachobandikwa begini: kiandikwe HAM, yaani Hamburg, kwani kikiandikwa DOH tu mizigo itakungoja Doha.

Watoto, nadhani, waliingia kwa pasipoti za Ujerumani zenye viza. Watoke kwa hizo hizo, kwani mhuri wa kutoka unatafuta mwenzake wa kuingia. Kwa kuwa baba hayupo, muombe akuandikie leo barua fupi kwa Kiingereza kwamba anaridhia watoto wasafiri na mama yao, aweke sahihi, namba ya simu na kopi ya pasipoti yake. Hutaulizwa kila mara. Lakini mama mwenye jina moja, watoto wenye jina jengine la ukoo, pasipoti za nchi mbili, saa saba za usiku: ofisa yeyote makini atauliza, na ni haki yake, kwa sababu hivyo hivyo ndivyo watoto wanavyotoroshwa. Ada za uwanja zamani zilikuwa zinalipwa taslimu dirishani, siku hizi kwa kawaida zimo ndani ya bei ya tiketi. Ukitajiwa malipo yoyote, omba risiti.

Mizigo. Pima nyumbani, kwa ule mzani mdogo wa kuning'iniza unaouzwa Darajani. Begi lolote lisizidi kilo 32 hata kama kilo unazo, kwa sababu ya migongo ya wapakiaji. Sitaki uwe yule mama ninayemkumbuka kila nikiona begi la rangi ya zambarau: kaambiwa kilo sita zimezidi, akapiga magoti sakafuni akafungua zipu mbele ya foleni nzima, zikatoka doti za khanga, mwiko, mbuzi ya kukunia nazi, na sufuria ndani ya sufuria ndani ya sufuria. Alivaa khanga nne juu ya baibui akapita. Watu walimpigia makofi, lakini yeye hakuwa anacheka.

Vitu vya bibi nitavipitia kama vilivyo kwenye barua yako.

Halua nzuri, ila iende kwenye begi kubwa. Mkononi mashine inaihesabu pamoja na vimiminika na vitu vya kupaka, kama asali, manukato na mafuta ya nazi: kila chombo kisizidi mililita 100, vyote vienee kwenye mfuko mmoja wa lita moja. Kikapu cha halua kitachukuliwa na kutupwa mbele ya macho yako. Achari nayo chini, kifuniko kizungushwe sotepu, mifuko miwili, kisha uizungushie nguo usizozipenda. Pweza mkavu anaruhusiwa kuingia Ulaya, mazao ya bahari ya kula nyumbani yana kikomo cha kilo 20. Mfunge mara tatu, mbali na nguo za skuli, la sivyo mwalimu wa Hamburg atajua mlikuwa wapi.

Samli ibaki. Maziwa na nyama na vinavyotokana navyo haviingii Umoja wa Ulaya kutoka kwetu kwenye begi la abiria, hata kopo dogo. Embe nazo zinahitaji cheti cha afya ya mimea. Kinapatikana kwa wakaguzi wa mimea, lakini kwa embe saba hakuna maana. Mliwaze bibi kwa matunda yasiyodaiwa cheti: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Naam, doriani! Sheria ya Ulaya inamruhusu, ila jaribu kumpandisha ndegeni uone watu wa shirika watakavyokutazama.

Nazi nimesema inaruhusiwa. Mbata hapana. Watu hugombana sana kaunta kwa hili, "si nazi hiyo hiyo?" Si hiyo hiyo. Nazi iliyokaushwa imebaki mafuta matupu, na ikisongamana mahali penye joto inaweza kujipasha moto yenyewe mpaka ikawaka, kwa hivyo kwenye kanuni za ndege imeandikwa pamoja na mizigo ya hatari. Makaa ya chetezo ni hivyo hivyo. Udi na ubani vyenyewe havina neno, makaa utanunua huko huko.

Karafuu ndiyo iliyonishtua. Kijaluba au pakiti za dukani za kutia kwenye pilau, chukua. Kilo kumi za mjomba hapana. Karafuu za Zanzibar kisheria mnunuzi na msafirishaji wake ni Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, na anayezitoa kisiwani kwa mlango mwengine anaitwa mfanya magendo, awe na nia gani. Ofisa wa forodha hatajali kwamba ni zawadi ya bibi. Mjomba aziuze kituoni, akutumie wewe hela.

Kasha la marehemu usilibebe safari hii. Kitu cha kale kina sheria yake, na kibali cha kukitoa nje huombwa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Hakitapatikana baina ya leo na Ijumaa. Lipige picha, kilichomo ndani ulizia, na mwachie ndugu aanze kufuatilia. Kwa maoni yangu kasha kama hilo lina raha zaidi pale lilipo, lakini hilo ni la kwenu.

Makombe ya watoto yarudi pwani, ndoo nzima. Najua kutakuwa na machozi. Ndani ya ndoo ya mtoto hakosi kuwemo kipande cha tumbawe, na pengine gamba la chaza mkubwa. Vyote viwili vimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, na vinataka kibali. Ukimkuta mtu pwani anauza bangili ya gamba la ng'amba, usiishike hata kuijaribu, kasa wote wako kwenye daraja la juu kabisa la mkataba huo. Forodha ya Ujerumani wanavijua vitu hivi vizuri kuliko wanaoviuza. Mruhusu yule mdogo ayapange mchangani, ayapige picha, kisha maji yakijaa ayaone yanavyochukuliwa.

Betri za kuchajia simu zikae mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye begi la chini. Ya 20,000 mAh ni kama Wh 74, iko chini ya kikomo cha Wh 100, na mashirika mengi ya ndege siku hizi hayataki uitumie ukiwa angani. Ukiwa na taslimu za kufika dola 10,000 unatakiwa kuzitangaza. Nadhani baada ya likizo ya Paje halikuhusu.

Doha mtakaguliwa tena. Ukinunua manukato dukani baada ya uhamiaji wa Zanzibar, wakufungie kwenye mfuko wao maalumu wenye risiti ndani, na usiufungue hadi Hamburg. Mtoto akiudonoa, chupa imekwenda. Hamburg wewe pita na kadi ya ukaazi. Ule utaratibu mpya wa alama za vidole mipakani, ulioanza Oktoba 12, 2025, haukulengi mwenye ukaazi. Begi likifika limevunjika, andikisha pale pale kabla ya kutoka ukumbini, na malalamiko ya maandishi yawafikie ndani ya siku 7.

Ukikaguliwa mara ya pili Zanzibar na kupita uhamiaji, mkakaa getini, mpigie bibi. Itakuwa saa nane za usiku na atapokea mlio wa kwanza, kwa sababu hajalala. Mwambie umepita, watoto wamelala kwenye viti, na halua iko chini. Atakuuliza kuhusu karafuu.